Tuliyoyaona Chini ya Motokaa

Wasomaji wapenzi, juma hili hatutazungumza juu ya karo wala juu ya mahari. Twataka kuwasimulia habari ya motokaa. Wengine watacheka: mwalimu wa Musienene, ambaye kila asubuhi huenda shuleni kwa miguu, ana neno gani la kusema juu ya motokaa? Ngojeni kidogo. Habari hii yatugusa sisi wenyewe, na mwisho wake hautupi sifa.

Katika ua wa marehemu baba yetu mdogo, hapa Musienene, ilikuwako Peugeot 404, ile ya kuchukulia mizigo, yenye turubai nyuma, ambayo wazee wa Butembo waikumbuka vizuri. Baba mdogo aliinunua mwaka 1979. Kwa gari hilo alichukua maharagwe, viazi na kabichi za milima yetu mpaka Beni, na mara nyingine mpaka Kisangani, akarudi na mafuta ya mawese na samaki wakavu. Njia ilipokuwa tope tupu alilala humo siku nne au tano. Mwaka 1996, vita vilipofika kwetu, aliyatoa magurudumu na kabureta, akavifunga kwa magunia, akavifukia shambani mpaka hatari ilipopita. Gari hilo liliwasomesha watoto wake sita, na mtoto mmoja wa ndugu yake, ndio sisi. Miaka yetu yote ya seminari ndogo ililipwa kwa jasho la mzee huyo na kwa magurudumu hayo manne.

Baba mdogo alifariki mwaka 2012. Gari likabaki chini ya mparachichi, na ugomvi ukaanza. Wana wawili wakubwa walitaka liuzwe, wapate pikipiki za kubebea abiria. Wa tatu alitaka litengenezwe, lirudi njiani. Mabinti walisema kwamba wao nao ni watoto wa marehemu, na hakuna aliyewauliza neno. Mama mdogo, kila kikao kilipofanyika, alijibu jambo moja tu: «Mkiliuza hilo, mniuze na mimi.» Vikao vilifanyika wakati wa Noeli, wakati wa Pasaka, na kila tulipokutana msibani. Basi ikapita miaka kumi na mmoja.

Mwaka 2023 mnunuzi wa vyuma chakavu alifika Musienene, akataja bei yake kwa dola. Ndipo ukoo ulipotutwika sisi kazi ya kukata shauri, kwa kuwa tumesoma. Hatutaficha: moyoni tulikuwa tumekwisha kuamua liuzwe. Lakini mama mdogo alituomba neno moja. Alisema, «Mwalimu, mwanangu, nenda kwanza na fundi mpaka Nairobi, mkaulize bei ya vyombo vyake. Ukirudi, useme unavyotaka, nami nitanyamaza.»

Fundi huyo ni mzee wa miaka sitini na mitano hivi. Alipokuwa kijana ndiye aliyeliosha gari hilo kila Jumamosi kwa malipo ya andazi moja. Mtoto wa dada yake anafanya kazi katika gereji moja mjini Nairobi, akakubali kutupokea. Mkuu wa shule yetu akatupa ruhusa ya juma moja, na mwalimu mwenzetu akashika darasa letu.

Tukaondoka mwezi wa Septemba. Tulikwenda Butembo kwa pikipiki, kisha Beni, kisha Kasindi. Hiyo ni njia ambayo siku hizi watu huipita huku wakisali, kwa sababu ya wauaji wa msituni waliowaliza wengi wa kwetu. Tulipita salama. Tulipovuka mto Lubiriha na kuingia Uganda, magari yote yalihamia upande wa kushoto wa barabara, nasi tuliozoea upande wa kuume tukashika viti vyetu kwa mikono miwili. Fundi alicheka, akasema kwamba lori haliulizi upande, huuliza breki tu. Tukafika Kampala, tukapanda basi la usiku, na siku ya pili tukaingia Nairobi tukiwa na vumbi hata masikioni.

Siku ya kwanza tuliimaliza katika Kirinyaga Road, ambako maduka ya vyombo vya motokaa yamepangana pande zote mbili kama maduka ya vitenge Butembo. Vingine vilipatikana, vingine havikupatikana, na vilivyopatikana bei yake ilitutoa jasho. Tukaandika kila kitu katika daftari. Hesabu ilipotimia tulifurahi kwa siri, maana ilikuwa kubwa kuliko bei ya pikipiki mbili. Tulijiambia: sasa mama mdogo ataelewa.

Dominika, baada ya Misa, mpwa wa fundi alitwambia, «Mjomba, na wewe mwalimu, msirudi kwenu kabla hamjaona yaliyoko uwanja wa farasi. Leo ni siku ya motokaa za zamani.» Akatupeleka kwenye uwanja wa mbio za farasi, ulioko kando ya barabara ya Ngong.

Mkutano huo huitwa Concours d'Elegance. Ninyi mliofundishwa kwa Kifaransa mwajua maana yake: mashindano ya urembo. Desturi hii yatoka Ulaya. Mashindano ya namna hii yaliyo mashuhuri kuliko mengi yalianza mwaka 1929 katika Villa d'Este, huko Cernobbio, mji mdogo wa wageni kando ya ziwa Como, nchi ya Italia. Matajiri walileta motokaa zao bustanini, wakazitembeza mbele ya watu kama vile farasi wa harusi. Hapa Nairobi mashindano huandaliwa na chama cha wenye motokaa za Alfa Romeo, ile kampuni ya Waitalia iliyoanzishwa Milan mwaka 1910. Chama hicho kimekuwa kikiyaandaa tangu miaka ya 1970, na waletao magari leo ni Waafrika, Wahindi na Wazungu, kila mtu na jamaa yake na kapu lake la chakula.

Tuliingia. Motokaa zilikuwa zimepangwa safu kwa safu juu ya majani, watoto wakipita katikati na balungi na maandazi mikononi. Zilikuwako za Japani pia, na pikipiki, lakini macho ya fundi yalizitafuta zile za Ulaya za ujana wake. Akaziendea moja moja kama mtu aliyerudi kijijini baada ya miaka mingi, akiwasalimu wazee kwa majina yao. Hii Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo injini yake iko nyuma na hupozwa kwa upepo bila maji. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Ile Land Rover, ambayo Waingereza waliionyesha mara ya kwanza mwaka 1948, bati lake likiwa la alumini kwa kuwa baada ya vita chuma cha pua kilikuwa adimu kwao. Kule Mercedes, kule Alfa Romeo nyekundu. Zote ziling'aa hata mtu angeweza kunyolea ndevu mbele ya mlango wake.

Nasi tulisema moyoni: basi ndiyo haya, mashindano ya rangi. Mwenye fedha nyingi atanunua rangi njema, atashinda, atarudi kwake. Tukaanza kutafuta kivuli cha kukaa.

Ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulitazamia. Mahali pamoja palikuwa na daraja la chuma, na motokaa zilipandishwa juu yake moja baada ya nyingine. Waamuzi hawakuitazama rangi. Waliinama, wakaingia uvunguni na tochi. Walimulika breki, springi, mabomba, na pembe zile ambamo tope hujificha. Mmoja alipitisha kidole nyuma ya gurudumu, akakitazama kidole chake, akaandika. Baadaye walifungua injini, wakafungua buti, wakajaribu taa na honi. Kweli rangi nayo ina alama zake. Lakini gari lenye uso mzuri na tumbo chafu haliwezi kushinda pale. Sisi watu wa kupita huishia kwenye rangi. Waamuzi hufika pale ambapo macho yetu hayafiki.

Fundi alisimama kando ya daraja lile saa nzima. Hakutaka kula wala kunywa.

Mara ikapanda Peugeot 404, ya kuchukulia mizigo, rangi ya kijivu, ndugu kabisa ya ile ya Musienene. Fundi alitushika mkono kwa nguvu, asiseme neno. Iliposhuka tukamfuata mwenyewe. Alikuwa mzee wa makamo, karani aliyestaafu, na binti zake wawili wenye matambara mikononi. Tulimsalimu, tukamweleza tumetoka wapi. Alishangaa, akatukaribisha kiti na chai.

Wazee wale wawili walipoanza kuzungumza, sisi tulikuwa kama mtoto mezani. Walikumbushana ile Safari, mbio za magari zilizoanza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa vumbi na kwa tope. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, nayo yakamaliza saba tu. Na mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, fundi wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine. «Waliitengeneza wenyewe,» alisema fundi wetu, na uso wake ukang'aa kama kwamba naye alikuwamo katika gari lile.

Kisha fundi akauliza lililomleta: chuma cha chini ni kile cha zamani, au kimebadilishwa? Yule mzee akajibu kwamba ni kile kile. Gari alilikuta nyuma ya kiwanda cha kahawa, kuku wakitagia ndani yake. Alilivuta mpaka kwake, akaliinua juu ya mawe manne, akalifunika turubai. Kisha kwa miaka miwili hakuligusa tena.

Sisi tukamwuliza, «Kwa nini, mzee? Ulikuwa umekata tamaa?»

Akatutazama kwa upole. «Sivyo, mwalimu. Fedha ya kulitengeneza sikuwa nayo. Nilikuwa na watoto shuleni. Lakini fedha ya turubai nilikuwa nayo.»

Wasomaji wapenzi, jibu hilo lilituchoma. Tulitazama chai yetu. Katika miaka ile kumi na mmoja tulikuwa tumehudhuria vikao visivyo na hesabu. Tulikuwa tumenena juu ya haki, juu ya urithi, juu ya heshima ya marehemu, na hata Kilatini kidogo tulikitia ili tuonekane tumesoma. Turubai hatukuleta.

Katika basi la kurudi tulijaribu kujitetea. Tulimwambia fundi kwamba yale tuliyoyaona ni upuuzi wa wenye nacho. Mtu mzima kulala chini ya gari na mswaki wa meno, akisugua springi, na huku kwetu watu wasukuma chukudu milimani kwa kukosa hata baiskeli! Fundi alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, «Mwalimu, nimezika vijana wengi waliokufa mtelemkoni kwa sababu ya breki ambayo hakuna aliyeitazama. Yule mwenye mswaki ameiona breki yake. Tena hata chukudu, mwenyewe akiwa na akili, huigeuza kila jioni atazame ule mpira wa gurudumu.» Hatukuwa na jibu.

Tulifika Musienene siku ya Ijumaa. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuonana na mtu, fundi alitandika mkeka chini ya mparachichi, akachukua tochi na bisibisi, akaingia uvunguni. Nasi tukaingia kwa upande wa pili, mara ya kwanza katika maisha yetu. Kwa juu gari lile lilikuwa bado na uso wake, maana kila Noeli wajukuu waliliosha boneti wapigwe picha mbele yake. Kwa chini magurudumu yalikuwa yamezama, na ile mihimili ilikuwa imelala juu ya udongo mbichi na majani yaliyooza. Fundi alisukuma bisibisi. Iliingia katika chuma kama katika parachichi bivu. Akajaribu mahali pengine, na pengine. Kisha akaizima tochi, akalala pale pale bila kusema.

Gari lilikuwa limekufa zamani. Halikuuawa na wale waliotaka kuliuza, wala na wale waliotaka kulitengeneza. Lilikufa kwa sababu kila mmoja aliogopa kwamba akilihudumia, ataonekana amekubali maneno ya mwenzake. Wakubwa walisema: kwa nini tuharibu fedha, nalo litauzwa? Wa tatu alisema: kwa nini nilifunike, nao wataliuza? Sisi tulisema: ni mali ya watoto wa marehemu, sisi ni wa ndugu yake. Mawe manne na turubai moja! Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba ufa, na ukuta hatukuujenga; tulibaki kubishana juu ya nani mwenye nyumba.

Jioni ile tuliwakusanya. Tuliwaeleza yote kama tulivyowaeleza ninyi, na kosa letu tukalitaja la kwanza. Hakuna aliyenena. Kisha mama mdogo akasema kwa sauti ndogo, «Kumbe miaka yote hii mlikuwa mkigombania maiti.»

Mvua ilianza kunyesha. Tulikuwa tumeketi sebuleni, mahali tunapoketishwa siku zote, kwenye vitambaa vilivyodariziwa na ukuta uliopakwa chokaa. Fundi, ambaye tangu Nairobi alikuwa kama mtu mwenye tochi machoni, alisikia kitu. Aliondoka, akaenda nyuma kwenye chumba cha mama mdogo, akatuita. Matone yalikuwa yakianguka katika sufuria tatu zilizopangwa sakafuni, na kitanda kilikuwa kimesogezwa mpaka kwenye kona. Bati lilikuwa limeliwa na kutu. Tukamwuliza tangu lini. Akasema, «Mwaka wa tatu huu.» Tukamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba kila tulipokuja tulikuwa na shughuli kubwa ya gari.

Hatuna haja ya kuwaambia jinsi watoto wake walivyoinamisha vichwa, na sisi pamoja nao.

Shauri lilikatwa usiku ule ule, bila kugombana, kwa mara ya kwanza. Injini na sanduku la gia, ambavyo baba mdogo alivitunza kwa grisi mpaka mwisho wake, vilikuwa vizima. Vikaenda kwenye karakana ya fundi, ambako vijana wanne wanajifunza kazi kwa kuvifungua na kuvifunga. Mmoja wao ni mjukuu wa marehemu. Bati na vyuma vilivyobaki vikauzwa. Bei ilikuwa ndogo kuliko ile tuliyotajiwa mwanzoni, maana mnunuzi naye alikuwa ameinama akatazama chini. Fedha yote ilinunua mabati mapya ya chumba cha mama mdogo, na ilipopunguka, kila mmoja aliongeza, hata mabinti ambao hapo awali hakuna aliyewauliza. Yeye mwenyewe aliomba kitu kimoja tu katika gari lile: kiti cha mbele. Sasa kipo barazani. Huketi hapo akichambua maharagwe, upande wa abiria, kama alivyoketi njia yote ya Kisangani.

Basi, jamaa wapenzi, hatuwaambii mwende Nairobi, wala mnunue motokaa. Twawaomba jambo dogo. Katika kila ukoo kipo kitu ambacho wote wanakigombania: shamba, nyumba, kinu cha kusagia, ng'ombe wa marehemu. Kabla ya kikao kijacho, aende mmoja wenu akainame, akitazame chini. Na kama hamjapatana bado ni cha nani, pataneni kwanza ni nani atakayeleta turubai. Tena mkiwatembelea wazazi wenu Dominika hii, msiishie sebuleni. Ingieni mpaka jikoni, mkatazame juu, mvua inapita wapi.